Mbolea Mbili Katika Pipa Moja

Wodi ya wajawazito, kitanda cha dirishani
3 Machi

Fundi, wifi yangu,

Simu wameninyang'anya. Muuguzi mkuu amesema kila nikimaliza kuongea na nyumbani presha inapanda, basi akaitia kwenye mfuko wa koti lake na kwenda zake. Nikamuuliza kama barua nazo zimekatazwa. Akafikiri kidogo, akasema barua hazina madhara. Huyo hajui barua zangu. Hii utaletewa na dereva wa mboga akitoka sokoni, na majibu umpe yeye huyo huyo.

Kulala kumenishinda. Ubavu wa kushoto, chali kidogo, ubavu wa kushoto tena. Nahesabu mapanga ya feni. Daktari anasema mimba ikivuka mwezi wa nane tutaongea mengine, kwa sasa kazi yangu ni kulala kama gogo. Wewe unajua nimetoka wapi. Wawili waliotangulia niliwapoteza, watu wakaja na pole zao wakaondoka, na sanduku la nguo ndogo likabaki uvunguni. Huyu wa tatu namtaka, wifi. Namtaka mpaka naogopa kusema kwa sauti.

Kinachonikosesha usingizi sasa ni bustani. Usicheke. Ni kitu pekee nilichokipanda kikakubali kuota. Sikiliza basi, maana wewe ni fundi cherehani na unajua kitambaa kikishakatwa vibaya hakiungiki kikawa kama mwanzo. Hoho ndiyo kwanza zinatoa maua. Fungua koki ya tangi asubuhi, na jioni tena jua likiwa kali. Mimea inayomwagiliwa kwa matone ya mipira hainyweshwi kama ng'ombe, inapewa kidogo kidogo, mara kwa mara. Mbolea ziko mbili stoo. Ile ya kalsiamu, nyeupe, ni ya Jumatatu. Ile ya fosfeti ni ya Alhamisi. Kila moja ikorogwe peke yake kwenye pipa, na ukimaliza pipa lisuuzwe. Zisikutane kabisa. Zikikutana zinaganda mabonge kama maziwa yaliyoharibika, na yale mabonge yanaingia kwenye mipira na kuziba vitundu vya matone. Mpira ukiziba usiuguse. Niambie mimi.

Na uniambie kila kitu. Usinifichie kwa kisingizio cha presha, nitajua tu.

Meneja
(maana nasikia ndivyo mnavyoniita nikiwapa kisogo)

*

Nyumbani
8 Machi

Meneja wetu,

Nani amekuambia? Ni kaka yako, najua. Mume wangu huyu mdomo wake hauna kifuniko. Jina ni la heshima lakini, usilitie ubaya.

Cherehani nimeifunika shuka na mlango wa kibanda nimetia kufuli. Wateja wanapitia bustanini kudai suruali zao, nami nawajibu nikiwa nimechuchumaa kwenye hoho, wanaondoka wakitikisa vichwa. Jirani yetu Mzee Kopo kila asubuhi anaegemea uzio na kopo lake la kumwagilia, ananitazama nikifungua koki. Eti mmea unaolishwa kwa mrija ni mgonjwa. Nikamwambia hata wagonjwa wanapona. Akaguna, akaenda kumwagilia mchicha wake kwa kopo kama alivyozaliwa akifanya.

Maua yametoka mengi. Safu za mbali na tangi zimechelewa kidogo, ila nazo zinakuja. Mbolea nimefuata ulivyosema, pipa nalisuuza hadi kaka yako analalamika maji yanaisha.

Sasa sikia. Alhamisi nakuja kukuona. Usibishe. Nyumba imepooza bila wewe kuamrisha watu, na mimi nina maneno mengi yamenijaa hapa kooni ambayo siwezi kumwambia mwanamume. Kazi ya Alhamisi isikusumbue, nitajua pa kuiweka. Nitakuletea machungwa. Wewe lala tu.

Fundi, mkulima wa muda

*

Hospitali
13 Machi

Fundi,

Nimeambiwa ulifika jana ukarudishwa mlangoni. Usikasirike. Daktari hataki nione watu kwa sasa. Machungwa nimeyapata, asante. Usije tena mpaka nikuite. Mume wangu anapitia hapa kila akitoka kwenye kazi zake za kupaka rangi, anatosha.

Hoho vipi? Na fosfeti uliiweka lini, kama Alhamisi yote ulikuwa njiani? Nijibu hili kabla ya mengine.

Mwandiko uuvumilie. Siwezi kuandika zaidi. Ichunge bustani. Nimezoea kukuagiza, leo nakuomba. Angalau kitu changu kimoja kiishi mwaka huu.

Wifi yako

*

Nyumbani
20 Machi

Wifi,

Barua yako nilikaa nayo siku kadhaa kabla ya kujibu, kwa sababu nilitaka hasira zipoe. Hazikupoa sana.

Mlinzi wa getini aliniambia wageni wanaingia kila siku jioni. Wanawake wawili walipita mbele yangu na vikapu vyao, hakuna aliyewauliza kitu. Zamu yangu ilipofika, muuguzi akaniuliza nimemfuata nani, akaingia ndani, akakawia, akatoka akiwa haniangalii usoni. Akasema, "Samahani mama, mwenyewe amesema hapana." Mwenyewe. Hakumtaja daktari. Nikakaa kwenye benchi nikidhani labda utabadili mawazo. Kisha nikamkabidhi machungwa nikaondoka.

Sikulazimishi kunipenda. Mke wa kaka ni mtu wa kuja, nalijua hilo tangu nilipoingia kwenye boma lenu. Nilidhani tu kwamba mimi na wewe tulishavuka hapo.

Bustani haina neno. Fosfeti niliiweka alfajiri kabla sijapanda gari. Maji yanatoka vizuri kuliko ulivyoyaacha, safu za karibu na tangi udongo umelowa mpaka unateleza. Mimea yako inakunywa hasa. Tangi la asubuhi siku hizi linaisha hata chai sijamaliza, nalijaza mara ya pili. Kwa hiyo lala, uzae salama, urudi uje uamrishe mwenyewe.

Mke wa kaka yako

*

Hospitali
25 Machi

Wifi,

Usiniandikie tena "mke wa kaka yako". Nimeisoma ile sahihi mara nyingi kuliko barua yenyewe.

Ni kweli mimi ndiye niliyesema hapana. Daktari hakuhusika. Siwezi kukueleza kwa nini, na nikianza kueleza nitaharibu. Si kwamba sikutaka kukuona. Nilitaka mno, na hiyo ndiyo sababu. Nivumilie.

Sasa lile tangi. Fundi, mimea hainywi tangi likaisha. Mpira wa matone unatoa kile kitundu kinachoruhusu, hata mmea uwe na kiu ya namna gani. Tangi likiisha mapema maana yake kuna mahali maji yamepata njia. Na udongo wa kuteleza sijawahi kuwa nao tangu nilaze ile mipira. Kuna kitu hujaniambia.

Nimeitwa, nakwenda. Nitarudi.

Nimerudi. Nilikuwa nasema nini? Chukua mabakuli yanayofanana. Moja liweke chini ya kitundu cha mwanzo wa safu, moja katikati, moja mwisho kabisa. Fungua maji, subiri, funga, uyalinganishe. Halafu pindua hoho uangalie vitako vyake kama vina doa jeusi. Uniandikie ulichokiona, si unachodhani napenda kusikia.

Wananiita tena. Sijui hata nimeandika mstari wa mwisho vipi. Ndani yangu kuna mbio, wifi, kutwa kucha mbio, hata nikikaa sikai. Niambie ukweli wa bustani ili angalau kitu kimoja nikijue.

Wifi yako

*

Nyumbani
2 Aprili

Wifi yangu,

Mabakuli niliyaweka. La mwanzo lilijaa likamwagika. La katikati lilipata kidogo. La mwisho lilikuwa kavu, nikalitia kidole, kavu kabisa.

Basi niseme. Wiki ile niliyokuja kwako, mbolea zote mbili nilizikoroga Jumatatu, pipa moja. Nilijiambia nikimaliza zote siku ile, Alhamisi nitakuwa huru. Yale mabonge niliyaona, Meneja. Niliyaona yakielea, nikakoroga zaidi kwa mti nikidhani yatayeyuka, halafu nikafungua koki. Siku mbili baadaye matone yakawa hayaonekani. Nilitaka kukuandikia. Kaka yako akasema ukisikia utashuka kitandani uje kwa miguu, na mimba itatoka, na damu yake itakuwa juu yetu. Nikaogopa. Nikachukua sindano.

Sindano ya cherehani, ndiyo. Nilianza na safu za karibu na tangi, kitundu kwa kitundu, nikipiga magoti, na maji yakaruka kama nimefumua mshono. Nilifurahi, ungeniona. Kumbe nilikuwa natoboa milango. Maji yote sasa yanaishia pale juu penye tangi. Safu za juu mizizi imeoza, majani yamekuwa njano. Safu za chini maua yamedondoka kwa kiu. Na zile zilizobahatika kuzaa, nilizipindua ulivyosema, vitako vyote vyeusi. Bustani yako nimeiua nusu na zaidi. Nimelia kwenye uzio mpaka Mzee Kopo akajifanya hanioni.

Hilo ni langu. Sasa tuje kwenye lako.

Jana mumeo alipita hapa kuchukua nguo zako. Akakaa, akainuka, akakaa. Mwishowe akasema anaomba nimshonee kofia ya kitambaa laini, ya mtoto wa mwenzake kazini. Nikamuuliza kipimo. Akaangaza macho huku na huku kutafuta cha kupimia, akachukua chungwa mezani, akalizungusha mkononi, akasema iwe kubwa kidogo kuliko hilo. Shemeji yangu hajui kudanganya, masikio yanamwiva. Mimi napima watu kila siku ya Mungu, wifi. Mtoto aliyetimiza miezi hana kichwa cha chungwa.

Alipoondoka nikazitoa barua zako zote nikazisoma upya. "Nimeitwa, nakwenda." Mtu aliyeamriwa kulala kama gogo anaitwa wapi, na anakwenda kwa miguu ya nani?

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe umeficha na umezaa. Yuko hai? Niambie hilo tu, mengine utaniambia ukipenda. Kofia ndiyo hii ndani ya bahasha. Mshono nimeuweka upande wa nje usimkwaruze.

Fundi

*

Hospitali
5 Aprili

Fundi wangu,

Yuko hai. Nimeliandika hilo kwanza ili usome kwa utulivu.

Ni msichana. Alizaliwa alfajiri ya siku ile uliyokuja na machungwa. Presha ilipanda usiku, wakasema ama wamtoe ama tuondoke wote wawili. Ulipokuwa kwenye benchi pale nje nilikuwa sijui kama ataifikia jioni. Muuguzi alipokuja kuniambia kwamba wifi yangu yuko mlangoni, nilitamani kupiga kelele uingie. Lakini wale wawili niliwatangaza, wifi. Niliwatangaza, mkafurahi, halafu nikawa na kazi ya kutangaza tena. Safari hii sikutaka kuwa na mtu wa kumwambia mara ya pili. Wewe ungeniona uso ukajua, ungetupa kila kitu ukahamia hapa, na bustani ingekufa, na kama naye angeondoka ningerudi nyumbani kwenye udongo mtupu. Ndiyo maana nikamwapisha mume wangu. Maskini ya Mungu, kumbe kachukua chungwa.

Yupo chumba cha joto. Analishwa kwa mrija unaopita puani, maziwa yangu mwenyewe, kidogo kidogo, mara kwa mara. Mzee Kopo asiambiwe. Kila wakati wa kulishwa ukifika wananiita, natembea ile korido nikiwa nimeshika ukuta. Huko ndiko nilikokuwa naitwa.

Kuhusu mipira nimekasirika, sitakuficha. Ungeniambia siku ile ile, stoo kuna tindikali ya kuoshea, tungeipitisha yale mabonge yakayeyuka na mipira ingepona. Mbolea haikuiua mipira, sindano ndiyo iliyoiua. Nilimaliza kukasirika nikaanza kucheka, hadi wenzangu wa vitanda vya jirani wakaamka. Umenifichia bustani ili nisiinuke kitandani, na mimi nilishainuka siku nyingi. Nami nimekufichia mtoto ili usiiache bustani, na bustani inakufa mikononi mwako. Tungekuwa wajinga zaidi kidogo tu ya hivi, tungefungwa.

Sasa nisikilize, kwa sababu hili si la mbolea. Juzi aliacha kupumua. Muuguzi akamsugua nyayo na mgongo, akarudi. Jana tena. Wanasema anahitaji kubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, muda wote, ndipo pumzi zake zitafuata za anayembeba. Namfunga kifuani, lakini silali, na kwa kuwa silali maziwa yanakauka. Wanataka mtu wa pili wa kupokezana nami. Mume wangu ana kikohozi kile cha vumbi la kuta, wamemkataza hata kusogea. Mama hayupo. Sina mwingine, na hata kama ningekuwa naye ningekutaka wewe.

Njoo. Funga koki, iache bustani, ikifa ife. Mpe Mzee Kopo kilichobaki kama atakitaka.

Kofia imemkaa sawasawa. Usishone nyingine. Na lile sanduku la uvunguni usilifungue, usimletee nguo yoyote. Sitaki kumwekea nguo ya kesho. Nataka kesho afike kwanza, ndipo nimvishe.

Wifi yako

*

Nyumbani
6 Aprili, asubuhi

Wifi yangu, mama mtoto,

Dereva amewasha gari na matenga yamejaa mpaka kiti cha mbele, kwa hiyo barua inatangulia na mimi nafuata na gari la jioni. Mwambie yule muuguzi asiyeangalia watu usoni kwamba leo napita.

Koki nimefunga. Safu za juu nimezing'oa, hazikuwa na maisha. Za chini, zile za kiu, nimemwonyesha Mzee Kopo. Nilisimama nikisubiri acheke na kunikumbusha maneno yake yote. Hakucheka. Aliuliza tu aanze na zipi, akaenda kuchota maji. Sijui kama zitarudi. Anasema mizizi bado ni myeupe. Kaka yako amenuna kwa kuwa atajipikia, na nimemwachia jiko na mnuno wake. Aliposikia kuna msichana alitoka nje akakaa nyuma ya stoo, nikamwacha huko.

Nisamehe ya mipira. Na kwa lile la mlangoni, nilishasamehe kabla hujamaliza kueleza. Mimi sijawahi kubeba kiumbe kidogo hivyo, wala sijajaliwa wangu, unalijua hilo na hujawahi kunisema. Utaniagiza. Jinsi ya kumshika, jinsi ya kukaa, nipumue vipi. Nitakufuata neno kwa neno, na nikishindwa nitakuambia pale pale.

Ila moja sikulifuata. Sanduku la uvunguni sikuligusa, lipo kama ulivyoliacha. Lakini baada ya kusoma barua yako nilitoa shuka kwenye cherehani, nikakaa, na mkono ukashona wenyewe. Ni gauni, wifi. Si la kichanga. Ni gauni la mtoto anayetembea, lina mfuko wa kutilia mawe na uchafu wake wote anaouokota njiani. Ninalo kwenye begi na ninakuja nalo, ukitaka nifukuze nalo mlangoni mara ya pili. Pindo nimeliacha pana, tutalishusha akirefuka.

Wifi yako